Kwa nini wenzako wa injini za chesi wamenyamaza

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu hapa Tanga, na huu ni mwaka wa tatu naandika injini ya chesi, yaani programu inayocheza chesi yenyewe, kwa lugha ya C++, usiku baada ya kazi. Tulianzisha kikundi cha WhatsApp, baadhi yetu Tanga na Muheza, wengine Dar na Mombasa. Mwanzoni kulikuwa hakulaliki: mtu akiuliza saa sita usiku anajibiwa papo hapo. Sasa watu ni waja leo waondoka leo. Aliyekuwa akijua kuliko sote katoka bila kuaga. Juzi niliuliza kwa nini injini yangu, tangu niiongezee mbinu ya kupisha zamu, inaharibu michezo iliyobakia wafalme na askari. Nikajibiwa neno moja: 'Pima.' Mwingine akaniambia nikasome msimbo wa Stockfish, ile injini maarufu. Basi, kimya. Hii ni dharau? Au Stockfish na akili bandia ndivyo vilivyoua mchezo wetu? Nikifunge kikundi? Mke wangu anasema nikikosa majibu nakuwa mkali nyumbani, na kweli silali kabla ya saa tisa."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, lakini ninavyokusoma lililo zito ni la nne, ambalo hukuliandika: kwamba pengine wewe ndiye uliyewachosha. Nianze na hilo. Hukuwachosha. Mtu hatoki kwenye mazungumzo ya injini za chesi kwa sababu ya muulizaji mmoja. Anatoka kwa sababu kazi yenyewe, ikishafika mahali fulani, haimpi tena cha kuzungumza, na aliyefika hapo kabla yenu huonekana kama amewatupa.

Kumbuka mlivyoanza. Kazi ya kwanza ya kila mmoja wenu ilikuwa kuifundisha programu hatua halali. Kazi hiyo ina majibu yanayojulikana dunia nzima: kutoka mwanzo wa mchezo mweupe ana hatua 20, mweusi akijibu njia zinakuwa 400, hatua ya tatu 8,902, ya nne 197,281. Ukipata 197,280 umekosea na huna pa kujificha. Ukipata sawasawa bado hujasalimika. Ipo hali ya ubao ambayo waandishi wa injini huiita Kiwipete, iliyosheheni kete kiasi kwamba mweupe ana hatua 48 tangu mwanzo. Humo injini inatakiwa kuhesabu 2,039 kwa kina cha pili, yaani hatua mbili mbele, 97,862 kwa cha tatu na 4,085,603 kwa cha nne. Sasa mtu anakuja kikundini saa sita usiku: vina vitatu vya kwanza vimekubali, cha nne kimezidi. Aliyewahi kuungua hapo anajua pa kutazama. Farasi mweupe wa e5 anakula f7, kisha anakula ngome iliyoko h8. Muulizaji aliondoa ngome ubaoni akasahau kufuta haki ya mfalme mweusi kujihifadhi (kuruka pamoja na ngome) upande ule, kwa hiyo mfalme "anajihifadhi" na ngome iliyokwisha kufa. Anaongeza mstari mmoja, hesabu inakaa, watu wanacheka, anakwenda kulala.

Swali kama lile lina jibu moja, kila mtu analipima kwake kwa sekunde chache, na aliyejibu anajisikia fundi. Nyote mlikuwa mnavuka mto mmoja wiki zilezile. Ndiyo maana kulikuwa hakulaliki.

Hatua ya pili ya kazi yenu, utafutaji wa mchezo bora, bado ni ya maneno. Katikati ya mchezo kwa wastani kuna hatua kama 35 za kuchagua, na ukizifuata zote mti wa njia zake unakushinda mapema. Ndipo mnaanza kubishana namna ya kupogoa matawi. Wanasayansi wa kompyuta Knuth na Moore walionyesha mwaka 1975 kwamba ukikagua hatua nzuri kwanza, kazi hushuka hadi karibu kipeuo cha pili cha ile ya awali, yaani kwa muda uleule unaona karibu mara mbili ya mbali. Kwa hiyo kila mtu ana rai: nianze na kula kete kubwa kwa kete ndogo, au na ile hatua iliyoua tawi la jirani? Hapo mazungumzo yana chumvi, kwa sababu tofauti unaiona kwa macho. Jana injini ilifika kina cha 7, leo imefika 10.

Halafu inakuja hatua ya tatu. Injini yako imekuwa nzuri. Unaona askofu umempa thamani ya 325, askari akiwa 100, unajaribu 335. Unachezesha mpya na ya zamani michezo 100, mpya inapata pointi 54. Unafurahi, unaandika kikundini. Aliyekutangulia anaisoma habari yako na hajibu. Si kwamba amekudharau. Anajua kitu ambacho hana nguvu ya kukieleza tena: pointi 54 kwa 100 ni sawa na nyongeza ya Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) 28 hivi, na kwa michezo 100 bahati peke yake inaweza kukusogeza kama Elo 50 juu au chini. Kwa hiyo umeboresha, au umeharibu, au hujafanya kitu. Ili bahati ishuke hadi Elo 5 unahitaji michezo kama 10,000. Kwa sekunde 10 kila upande, na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila hatua, mchezo mmoja unakwenda nusu dakika. Laptopu yenye kori nne ikichezesha minne kwa pamoja inataka karibu saa 20. Hapo umeme usikatike na uniti za LUKU zisiishe, na watoto wasitake kutazama katuni. Mbinu aliyoibuni mwanatakwimu Abraham Wald miaka ya 1940, ya kusimamisha jaribio mara tu ushahidi unapokuwa wa kutosha, inapunguza kusubiri, lakini haiondoi. Na katika injini iliyokomaa mabadiliko mengi yenye faida yanaleta Elo mbili tatu tu.

Nenda baraza lolote la drafti pale Ngamiani. Watazamaji wana kelele kuliko wachezaji, maana kila mmoja ameliona kosa kwa macho yake. Sasa fikiri kosa hilo halionekani mpaka mchezo urudiwe mara elfu kumi. Baraza lingebaki na wachezaji wawili na paka.

"Pima" ndilo neno la hatua hii ya tatu, na kwa maswali ya hatua hii ni jibu la haki, hata kama ni baridi. Ila kwa swali lako wewe, mwenzako alikosea. Lako lilikuwa na jibu, tena fupi. Unapoipa injini mbinu ya kupisha zamu, inajiuliza: "Hata nikimwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo, bado niko juu?" Ikiona iko juu, inalikata tawi bila kulichimba. Chini yake kuna dhana kwamba kuwa na zamu siku zote ni faida. Kete zikiwa nyingi dhana hiyo inasimama karibu kila mara. Wakibaki wafalme na askari inaanguka. Weka mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweusi, lazima asogee, mweupe anapita na kushinda. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare. Ubao ni uleule, na mwenye zamu ndiye anayeumia. Injini yako inajipa ruhusa ya kutocheza, ruhusa ambayo sheria haitoi, kisha inaamini matokeo. Izime mbinu hiyo pale upande wenye zamu umebakiwa na mfalme na askari peke yake. Izime pia mfalme akiwa ameshambuliwa, wala usiruhusu zamu ipishwe mara mbili mfululizo. Nenda kajaribu na hali hiyo ya e5 kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.

Umeona kilichotokea? Mtu aliyekaa muda mrefu kwenye hatua ya tatu hupoteza masikio ya hatua ya kwanza. Kila swali analisikia kama la kupimwa, hata lile lenye jibu. Anayeuliza akishajibiwa hivyo mara mbili, harudi tena. Kwa hiyo wakongwe wanaondoka kwa kukosa la kusema, na wageni wanaondoka kwa kukosa wa kuwasikiliza, na hakuna aliyemkosea mwenzake kwa makusudi.

Sasa Stockfish. Wengi hudhani injini yenye nguvu ndiyo iliyokatisha watu tamaa. Mimi sikubali. Kasparov, bingwa wa dunia, alifungwa na Deep Blue Mei 1997, mashine iliyokuwa ikichunguza hadi nafasi milioni 200 kwa sekunde, na walioandika injini vyumbani mwao hawakuacha. Hata leo orodha za viwango vya injini zina majina kwa mamia, na nyingi ni kazi ya mtu mmoja. Ambaye angeacha kwa sababu kuna mwenye nguvu zaidi, asingeanza.

Kilichobadilika ni mahali majibu yanapokaa. Mwaka 2005 Fabien Letouzey aliiachia wazi injini yake, Fruit 2.1, msimbo safi unaosomeka, na tangu hapo swali ambalo zamani ungelipeleka kwa mtu ukawa unaweza kulipeleka kwenye faili. Injini ya Glaurung ya Tord Romstad ikazaa Stockfish mwaka 2008, nayo wazi vilevile. Mwaka 2013 Gary Linscott akaanzisha Fishtest, mfumo ambao watu duniani kote huukopesha kompyuta zao zipime mabadiliko ya Stockfish. Unapeleka wazo, mashine zinacheza michezo makumi elfu, jibu linarudi ndiyo au hapana. Ni mfumo mzuri mno. Lakini umechukua kazi ambayo zamani ilifanywa na ubishi, na ubishi ndio uliokuwa ukiwakutanisha watu.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja kwenye tathmini. Zamani thamani ya nafasi iliandikwa kwa mkono: maaskofu wawili pamoja wana nyongeza, farasi pembeni anapunguziwa, mfalme asiye na askari mbele yake yuko hatarini. Kila kipengele kilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na mpinzani wake. Ungeweza kukesha na mtu mkibishania kama ngome kwenye safu iliyo wazi inastahili 20 au 35. Mwaka 2018 Yu Nasu wa Japani, akifanya kazi na shogi, chesi ya Kijapani, alibuni mtandao wa neva mdogo, yaani programu inayojifunza kwa mifano, unaokwenda mbio hata bila kadi ya michoro. Septemba 2020 Stockfish 12 ikatoka nao. Mtandao ule wa kwanza ulikuwa na vipengele vya kuingiza zaidi ya 40,000. Ukiuliza kwa nini unampenda farasi huyu na si yule, jibu ni lundo la namba. Leo mwenye injini ya kati anaifundisha mitandao usiku kucha na asubuhi anaona upi umeshinda. Ni kazi halali, na wengine wanaipenda kwa dhati. Ila umwambie nini mwenzako? "Nimeongeza data, ikawa bora." Mazungumzo yameisha hapo.

Na kuna jambo ambalo watu hawapendi kulitaja: woga wa kuitwa mwizi. Mwaka 2011 chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kiliamua kwamba Rybka, injini iliyokuwa ikitawala, ilichukua msimbo wa injini za Crafty na Fruit, kikaivua mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010. Uamuzi ule uliwagawa watu vibaya, na baada yake kila injini mpya iliyopanda haraka ilikaribishwa kwa macho ya askari wa doria. Mtu mpole anayeandika kwa raha zake hataki kuulizwa hati. Mwenzako aliyetoka bila kuaga, sijui yaliyomkuta, lakini kagua ujumbe wenu wa siku zake za mwisho. Kama kuna aliyemuuliza kwa utani, "Hii umeinakili wapi?", utani huo huenda haukuchekesha upande wa pili.

Akili bandia nayo imepunguza maswali, sikatai. Kijana akikwama leo anaiuliza mashine kabla ya kumuuliza mtu, maana mashine haimwoni mjinga. Kwa makosa ya sintaksia inamfaa. Kwa hitilafu za chesi nimeiona ikitoa kwa ujasiri mkubwa msimbo usiopita hata hesabu ya Kiwipete, kwa hiyo usiipe heshima ya kuua hobi. Vifurushi vya data na kazi za mchana nazo zina sehemu yake, lakini hayo unayajua kuliko mimi.

Nikifunge kikundi? Usikifunge kwa hasira, na usikipigie debe pia. Kuwarudisha wote kwa ujumbe wa "Jamani mko wapi?" hakujawahi kusaidia kikundi chochote nilichokijua, kunaongeza aibu tu kwa walionyamaza. Ningekuwa wewe ningebadilisha chakula chake. Matokeo ya kupima yaandikwe mahali pengine, kwenye daftari lako au faili, kwa sababu kikundini yanasomwa na hayajibiki. Kikundini peleka nafasi: ubao mmoja, injini yangu imecheza hivi, mimi ningecheza vile, nani anaona kwa nini? Hilo hata mwenye injini dhaifu analijibu, na hata asiye na injini kabisa.

Njia nyingine ni kujiunga na wanaochangia Stockfish au injini nyingine ya wazi. Utajifunza mengi, na nidhamu yao ya kupima ni shule. Lakini nikuambie ukweli: kama unachokikosa ni watu, hutakipata huko kwa wingi. Utapata mapitio ya msimbo, kwa Kiingereza kikavu, kutoka kwa watu wenye haraka.

Ninayoipenda mimi ni ligi ndogo. Tangu mwaka 2000 kuna itifaki ya UCI, iliyotungwa na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, ambayo injini huzungumza kwa maneno machache ya maandishi, hivyo injini yako na ya mwenzako wa Mombasa zinaweza kuchezeshwa kwenye kompyuta moja bila kubadilisha chochote. Wekeni sharti: hakuna mitandao ya neva, tathmini iandikwe kwa mkono, na isizidi mistari mtakayokubaliana, tuseme mia mbili. Mtakuwa mmerudi kwa hiari kwenye uwanja ambao maneno yana kazi. Injini zitakuwa dhaifu, ndiyo. Dhaifu kiasi cha kumfunga kila mmoja wenu. Na waruhusuni wanaotaka kuondoka waondoke. Mtu aliyeandika injini miaka mitano kisha akahamia kufuga kuku hajafeli chochote.

Sasa la nyumbani, na hapa nisikilize kama mzazi. Kulala saa tisa usiku kwa sababu ya hitilafu tamu ni jambo linalopita. Kuwa mkali kwa mkeo kwa sababu watu wa kwenye simu hawakujibu ni jambo jingine. Weka saa ya kufunga kompyuta na umwambie yeye, si kikundi. Lakini kama usingizi haurudi hata usiku usipoandika, kama chakula hakina ladha, kama hata mambo uliyokuwa ukiyafurahia nje ya chesi yamechujuka na hali hiyo imekwenda wiki mbili na zaidi, usinitumie tena swali mimi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Bombo, uonane na daktari ana kwa ana, umweleze hayo yote bila kuona haya. Hilo halitibiki kwa maandishi.

Kuna na hitilafu zisizotibika kwa maandishi pia. Ikiwa injini inacheza vizuri ukiizimia jedwali la kumbukumbu, lile linalohifadhi nafasi zilizokwisha kuchunguzwa, na inapotea ukiliwasha, au inaona ushindi wa hatua tatu kisha inazungukazunguka isiumalize, usihangaike wiki nzima kutuma picha za skrini. Mara nyingi kosa ni alama ya ushindi iliyohifadhiwa bila kurekebishwa kwa umbali kutoka mzizi wa mti, lakini ni wapi hasa katika msimbo wako, lazima macho mawili mengine yapite mstari kwa mstari nawe ukieleza kwa sauti. Muheza si mbali. Mpigie mwenzako wa huko, umwambie siku na saa, si "tuonane siku moja". Kila mtu aje na msimbo wake, hali tatu za ubao zinazomsumbua, na laptopu iliyochajiwa, maana baraza nyingi zina soketi moja na mwenyeji anaitaka kwa pasi.